Uingereza: Hogswatch, siku kuu iliyotoka kitabuni

Mwaka 2002, Wincanton, mji mdogo wa kusini-magharibi ya Uingereza, ulifunga undugu na Ankh-Morpork, mji usiopatikana popote isipokuwa ndani ya vitabu vya Terry Pratchett, aliyefariki Machi 2015.

Huko, usiku mrefu kuliko yote ya mwaka unaitwa Hogswatch. Mzee mnene hupita angani akivutwa na nguruwe-dume wane, akiwaachia watoto zawadi.

Katika riwaya Hogfather, ya 1996, kuna waliomlipa muuaji amwondoe. Watoto wakiacha kumwamini, jua halitachomoza. Basi Kifo mwenyewe, mifupa mitupu, anavaa nguo zake na kugawa zawadi. Bidii anayo, uzoefu hana: dukani anampa mtoto wa kike upanga wa kweli, mama akishangaa.