Oili ya Motokaa Kuukuu: Imwagwe Lini?

Mwanachama wetu mmoja wa Mtambwe amenunua pikapu kuukuu ya petroli, iliyotengenezwa mwaka 1994, kwa shemeji yake anayekaa Mbebe, wilaya ya Ileje, katika mkoa wa Songwe, upande wa Tunduma. Gari imefika Pemba salama, na nia yake ni kuitumia kwa kazi ya karafuu. Lakini ameleta ofisini swali ambalo twaona si lake peke yake.

Shemeji yake alimwambia: "Mimi humwaga oili kila kilomita 3,000, na filta naitupa siku hiyo hiyo." Mkebe wa oili aliounua dukani umeandikwa kilomita 10,000. Na fundi wa hapa akamwambia asijisumbue, angoje mpaka oili iwe nyeusi. Watu watatu, majibu matatu, na gari ni moja. Amfuate nani?

Tumewauliza mafundi kadha wa kadha, tumetazama vitabu vya watengenezaji, na leo twaleta jawabu kwa faida ya wote. Jambo hili si dogo kwetu. Karafuu iliyochumwa haingoji. Ikilala ndani ya gunia hupata joto na kuvunda, rangi ikaharibika, na bei ikashuka mbele ya mizani. Injini ikifa katikati ya mavuno, hasara si ya gari tu. Ni ya shamba zima, na ya wachumaji wanaongoja ujira wao.

KAZI YA OILI

Wengi hudhani oili kazi yake ni kulainisha tu. Kulainisha ni kazi ya kwanza, lakini ziko nyingine. Oili huchukua joto kutoka sehemu ambazo maji ya rejeta hayafiki. Huziba upenyo mdogo baina ya ringi na silinda ili nguvu isipotee. Huzuia kutu. Tena huosha: huchukua masizi, vumbi na unga wa chuma na kuvibeba mpaka kwenye filta.

Sasa, kitu kinachoosha hapana budi kichafuke. Petroli ikiungua hutoa moshi na maji. Lita moja ya petroli hutoa karibu lita moja ya maji. Maji mengi hutoka kwa njia ya ekzosi yakiwa mvuke, lakini machache hupenya kwenye ringi na kuingia katika oili, pamoja na petroli isiyoungua. Katika injini kuukuu, ambayo ringi zake zimelika, hupenya zaidi. Na ndani ya oili yako madawa yaliyotiwa kiwandani ili kupambana na uchafu na asidi. Madawa hayo huisha. Yakiisha, oili iliyobaki ni mafuta tu, hata kama kijiti chaonyesha imejaa.

MBEBE NA PEMBA

Hapa ndipo lilipo jambo kubwa tunalotaka wanachama walishike. Oili haihesabiwi kwa kilomita peke yake. Huhesabiwa kwa kazi iliyofanya.

Shemeji mtu wa Mbebe alikuwa na sababu nzuri. Wilaya ile ina milima, na barabara nyingi za vijijini ni za udongo. Wakulima wa kule huchukua kahawa kama sisi tuchukuavyo karafuu. Gari hupanda mlima na mzigo, injini ikapata joto, na wakati wa kiangazi huvuta vumbi mchana kutwa. Vumbi likiingia ndani ya silinda, huwa kama msasa.

Watu wa njia ile wamelijua jambo hili tangu zamani. Serikali ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru huko Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilikatiwa njia yake ya mafuta upande wa kusini. Malori yakaanza kuchukua mafuta kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa na Mbeya mpaka Tunduma, kisha Zambia. Sehemu kubwa ya barabara ilikuwa ya udongo, na madereva wakaipa jina la njia ya jahanamu. Vumbi la kiangazi na matope ya masika yaliangamiza malori mengi. Nafuu ilikuja bomba la mafuta la TAZAMA lilipofunguliwa mwaka 1968, halafu barabara ikatiwa lami, na reli ya TAZARA ikaanza kazi kamili mwaka 1976.

Basi mtu wa Pemba aweza kusema: "Huku kwetu hatuna safari kama hizo. Gari yangu haiendi hata kilomita 300 kwa mwezi. Kwa nini nimwage oili?"

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Gari inayotoka nyumbani mpaka shambani, ikazimwa, ikaenda dukani, ikazimwa, haipati kuchemka sawasawa. Maji na petroli vilivyoingia ndani ya oili havipati joto la kutosha kuwa mvuke na kutoka. Hubaki, vikazaa asidi na tope. Ongeza unyevu wa kisiwa chetu, na ongeza wiki ambazo gari hukaa chini ya mwembe bila kuwashwa. Gari kama hiyo haikupumzika. Imekuwa ikiliwa kwa ndani.

Kwa hivyo, Mbebe kilomita ndizo zinazotangulia, na Pemba miezi ndiyo inayotangulia. Mwanachama wetu wa Mtambwe akisema atangoja kilomita 3,000 kama shemeji yake, kwa kilomita 300 za mwezi itamchukua miezi kumi. Shemeji yuko sawa kwa Mbebe. Hesabu hiyo hiyo huku haitoshi.

Ama zile kilomita 10,000 za kwenye mkebe, hizo ni za gari yenye injini nzima, oili ya hali ya juu, na safari ndefu katika barabara nzuri. Vitabu vingi vya gari vina hesabu mbili: moja ya kazi nyepesi, na ya pili ya kazi ngumu, yaani vumbi, mzigo mzito, safari fupi fupi, au kusimama injini ikinguruma. Ya pili mara nyingi ni nusu ya ile ya kwanza. Gari zetu karibu zote zimo katika hesabu ya pili.

HESABU TUNAYOPENDEKEZA

Mwenye kitabu cha gari yake afuate kitabu, sehemu ya kazi ngumu. Ambaye kitabu kimempotea, na oili yake ni ya kawaida, afuate haya:

1. Gari ya petroli iliyo na afya: kila kilomita 5,000 au kila miezi 6, lolote litakalotangulia.

2. Gari ya dizeli ya zamani, au gari yoyote inayotoa moshi, au inayobeba mzigo kila siku wakati wa mavuno: kila kilomita 3,000 au kila miezi 4.

3. Gari uliyoinunua kwa mtu, na hujui khabari zake: mwaga oili na ubadilishe filta mara moja, uirudie baada ya kilomita 1,000, kisha ufuate hesabu ya kawaida.

4. Gari zote: oili mpya kabla ya mavuno kuanza, si katikati.

Wengine watasema mita ya kilomita imekufa zamani. Basi hesabu petroli. Gari inayokwenda kilomita 10 kwa lita moja, ikishakunywa lita 400 imekwenda kilomita 4,000. Tena hesabu hii ina haki zaidi, kwa kuwa hata dakika ambazo gari husimama ikinguruma kituoni huhesabiwa. Watengenezaji wa Ford, kwa baadhi ya gari zao za kazi, huihesabu saa moja ya kunguruma bila kwenda kuwa sawa na mwendo wa maili 25, yaani kilomita 40.

Kwenye mkebe tazama mambo mawili. La kwanza ni uzito: 20W-50 ni uzito unaotumiwa sana katika injini kuukuu za petroli kwenye nchi za joto, na 15W-40 katika dizeli. La pili ni herufi za API. Herufi ya S ni ya petroli, na C ni ya dizeli. Herufi inayofuata S kadiri inavyokwenda mbele, ndivyo oili ilivyo ya karibuni. SP ilitoka mwaka 2020. SA haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1930, basi asikuuzie mtu kwa sababu ni rahisi. Na mkebe ambao kifuniko chake kimekwisha kufunguliwa, uache dukani.

FILTA

Filta ya oili ibadilishwe kila oili inapobadilishwa. Kumwaga oili na kuiacha filta ya zamani ni kama kuoga na kuvaa nguo ile ile chafu. Na kuna hatari isiyoonekana: filta ikiziba, mlango mdogo uliomo hufunguka ili injini isikose oili, na hapo oili chafu hupita bila kuchujwa mpaka kwenye beringi. Gari haitakuambia kitu. Volkswagen za zamani, zenye umbo la kobe, hazina filta ya karatasi. Zina chujio cha waya kinachotolewa na kuoshwa, na oili yake ni lita 2.5 tu. Kwa sababu ni kidogo, huchafuka upesi.

Filta ya hewa itazamwe kila unapomwaga oili, na kila wiki wakati wa vumbi. Ya karatasi haioshwi kwa petroli. Land Rover nyingi za zamani zina chombo chenye oili ndani badala ya karatasi; tope lake limwagwe na oili mpya itiwe.

Filta ya mafuta tusiisahau sisi wa visiwani, kwa kuwa mafuta mengi hupita katika madumu, na maji huingia kwa urahisi. Gari za dizeli nyingi zina kibomba chini ya filta cha kutolea maji. Kifunguliwe kila wiki.

MANENO YANAYOPOTEZA WATU

"Oili bado si nyeusi." Weusi si ushahidi. Oili ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya kutiwa, na bado ni nzima, kwa kuwa inafanya kazi yake ya kuosha. Na oili yaweza kuwa na rangi nzuri lakini imejaa petroli. Alama za kuogopa ni hizi: oili kupanda kwenye kijiti bila kutiwa, kunuka petroli, au kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Rangi hiyo ikiwa chini ya kifuniko tu, mara nyingi ni unyevu wa safari fupi. Ikiwa kwenye kijiti, usiiwashe gari. Mwite fundi atazame gasketi.

"Naongeza kila wiki, basi oili yangu ni mpya." Kuongeza si kubadilisha. Chumvi ikizidi katika mchuzi, ukiongeza maji kidogo chumvi haitoki.

"Gari kuukuu ukiibadilishia oili itavuja." Pengine itavuja, kwa sababu uchafu ndio uliokuwa umeziba pahali palipokwisha kuharibika. Lakini uchafu huo huo ndio unaoziba njia za oili. Usitie mafuta ya taa kuosha injini kwa mkupuo. Tope linaweza kung'oka na kuziba chujio la pampu. Badilisha oili mara mbili kwa masafa mafupi, na itajisafisha polepole.

Kijiti kitazamwe kila wiki, gari ikiwa mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika kumi. Oili iwe baina ya alama mbili. Kuzidisha nako ni kosa, kwani oili hutoka povu, na povu halilainishi.

DAFTARI NA OILI CHAFU

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua kadi, andika tarehe, kilomita au lita za petroli, aina ya oili, na kama filta imebadilishwa. Iweke ndani ya gari. Siku ukiiuza, kadi hiyo itakupa bei.

Oili iliyomwagwa isitupwe shambani wala karibu na kisima. Maji ya kunywa yakishaingia oili hayasafishiki kwa urahisi. Iwekwe katika dumu lenye kifuniko, mbali na majamvi ya kuanikia. Na tunawaomba sana: mkebe wa oili usipakiwe pamoja na karafuu. Tone moja lililovuja laweza kuharibu gunia zima, na mnunuzi hataki kujua lilitoka wapi.

Mwanachama wetu wa Mtambwe tumemshauri amwage oili na abadilishe filta sasa hivi, arudie baada ya kilomita 1,000, na tena mavuno yanapokaribia. Gharama yake ni ndogo mno mbele ya gharama ya kufungua injini. Wanachama wengine wenye gari wafanye hesabu zao mapema, na mwenye kutaka kusaidiwa kusoma kitabu cha gari yake kilichoandikwa kwa Kiingereza, akilete ofisini siku yoyote ya kazi, tutakisoma pamoja.