NOZELI ZILIZOCHOKA KWENYE PIKAPU YA ZAMANI: PIMA KABLA YA KUNUNUA



Pikapu ikisimama katika sehemu kama Kizuka, anayeumia si mwenye gari peke yake. Mapipa ya mawese hubaki kando ya barabara, ndagala waliokuwa wafike soko la Rumonge huharibika, na mgonjwa wa usiku husubiri mpaka kuche. Nyingi ya gari hizi ni Toyota Hilux za zamani zenye injini ya 2L au 3L, zinazotumia dizeli, au mazutu kama tunavyozoea kuiita. Zikianza kutoa moshi mweusi, kugonga na kula mafuta kupita kiasi, mwenye gari huambiwa haraka: "Nozeli zimekwisha, nunua nne." Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine fedha hutoka na moshi unabaki pale pale.

Maelezo haya ni kwa madereva, mafundi, na vijana wanaojifunza ufundi kambini. Yanahusu injini za zamani tu.

NOZELI INAFANYA NINI?

Pampu husukuma dizeli hadi kwenye nozeli. Ndani yake mna sindano ya chuma iliyobanwa na springi. Mgandamizo ukipita kilo 100 kwa kila sentimita moja ya mraba, sindano huinuka na dizeli huingia kwenye injini kama ukungu, kisha sindano hufunga ghafla. Springi ikilegea, au mchanga na kutu vikikwaruza mahali sindano inapokaa, ukungu hugeuka kuwa matone. Matone hayaungui vizuri, na hapo ndipo moshi unapotoka. Nozeli inayovuja kwa muda mrefu inaweza hata kutoboa kichwa cha pistoni. Hapo hesabu si ya nozeli tena, ni ya injini nzima.

Lakini moshi mweusi una baba wengi. Filta ya hewa iliyojaa vumbi huleta moshi huo huo, na kuikung'uta hakugharimu kitu. Filta ya dizeli iliyoziba huondoa nguvu za gari. Tena, gari linalopanda kutoka Rumonge kwenda Bururi huacha ziwa, lililo kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na kwenda kwenye hewa nyepesi ya milimani. Moshi kidogo huko juu si ugonjwa. Anza na filta hizo mbili.

KUJUA NI IPI MBOVU

Washa injini, ipate moto, iache ingurume polepole. Vaa glavu na miwani, funika nati kwa kitambaa kinene, kisha legeza kidogo nati ya bomba la dizeli pale linapoingia kwenye nozeli ya kwanza. Injini ikitetemeka na mlio kubadilika, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Kaza, nenda ya pili, hivyo hivyo hadi ya nne. Ile ambayo ukiilegeza hakuna kinachobadilika ndiyo yenye shida.

Usikimbilie dukani bado. Zima injini, hamisha nozeli hiyo kwenye silinda ya jirani, na ya jirani uilete hapa, kisha rudia kipimo. Kama ubovu umehama pamoja na nozeli, umempata mwizi. Kama umebaki kwenye silinda ile ile, tatizo ni ringi, valvu au pampu, na nozeli mpya hata nne hazitasaidia. Kazi hii ya saa mbili huokoa fedha nyingi, na fundi anayekataa kuifanya muulize sababu.

HATARI YA KWELI

Usiweke kidole wala kiganja mbele ya nozeli inayopuliza, na usitafute bomba linalovuja kwa kulipapasa. Dizeli yenye mgandamizo hupenya ngozi bila kukata. Unaona tundu dogo kama la mwiba, maumivu ni kidogo, na mtu huendelea na kazi. Baada ya saa chache mkono huvimba na nyama ya ndani huanza kufa. Watu wamekatwa vidole na mikono kwa ajili hiyo. Aliyepatwa aende hospitali saa ile ile, hata kama hasikii maumivu, na amwambie daktari waziwazi kwamba ni dizeli ya pampu iliyoingia chini ya ngozi. Asingoje asubuhi.

Na kwa Hilux zilizoanza kuja mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilizoandikwa D-4D, kipimo cha kulegeza nati injini ikiwaka ni marufuku kabisa. Mgandamizo wake hupita kilo 1,000. Gari hizo zipelekwe kwa mwenye kompyuta ya kuzipima.

KUTOA NA KURUDISHA

Kwanza osha na kupangusa sehemu yote ya juu ya injini, maana punje moja ya mchanga ikiingia kwenye bomba inatosha kuua nozeli mpya. Ondoa mabomba na uyafunge midomo kwa nailoni safi. Pamba na matambara huacha nyuzi. Toa bomba dogo la kurudisha mafuta, kisha fungua nozeli kwa boksi ndefu ya namba 27. Spana ya kawaida huteleza na kuharibu pembe. Ziandike namba 1 hadi 4.

Chungulia kila tundu. Pete ya kuzibia joto, ambayo mafundi huiita washa, mara nyingi hubaki chini. Fundi mwenye haraka huweka mpya juu ya kuukuu, na kompresheni huvuja tangu siku ya kwanza. Washa hizi hazitumiki mara mbili, hata ukizichoma moto na kuzinyoosha.

Peleka nozeli kwa fundi mwenye mashine ya kuzipima. Mara nyingi mwili wa nozeli bado ni mzima, na kinachohitaji kubadilishwa ni ncha yake tu. Ni nafuu kuliko kununua nozeli kamili. Sindano na ncha hutengenezwa kwa jozi, usichanganye. Ncha mpya nayo ipimwe na kurekebishwa mgandamizo kabla ya kufungwa, kwa sababu za bandia zimejaa sokoni na boksi zake hung'aa kuliko za kweli. Usisugue ncha kwa msasa wala waya wa chuma.

Wakati wa kurudisha, kaza kwa spana ya kipimo kwa namba iliyo kwenye kitabu cha injini. Piga pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu. Acha nati za mabomba zimelegea, zungusha stata kwa sekunde 10 hivi, pumzisha betri, rudia. Dizeli ikitoka bila mapovu, kaza nati zote na uwashe.

MAFUTA UNAYOTIA

Mwaka 2024 uhaba wa mafuta ulikuwa mkali Burundi, na wengi walijaza kwa bidoni bila kujua yametoka wapi. Maji hutia sindano kutu. Mafuta ya taa hukausha pampu, kwa kuwa dizeli ndiyo inayoilainisha.

Wengine huchanganya mawese, na Rumonge mawese yapo. Wazo si la kipumbavu: mwaka 1937 Mbelgiji aitwaye Chavanne alipata hati ya uvumbuzi wa kugeuza mafuta ya mawese kuwa mafuta ya injini, na mwaka 1938 basi lilitembea nayo kati ya Brussels na Louvain. Lakini hayo yalikuwa yamepikwa kwa pombe kali kiwandani hadi yakawa mepesi. Mawese ya sokoni huganda kukiwa na baridi na kuacha gundi kwenye ncha.

Bidoni ikifika, iache itulie usiku mzima bila kutikiswa. Vuta kwa mpira kutoka juu, upitishe kwenye kitambaa kizito, na vidole viwili vya chini usivitie kwenye tangi. Kila wiki fungua koki iliyo chini ya filta, kinga kwenye chupa ya kioo, uangalie kama kuna maji.