Kabambare: Askari waliotembea miezi 21 wakitafuta njia ya kwao

Sokoni Kabambare watu wanauziana kwa Kiswahili. Ukikaribia kambi ya wanajeshi, lugha inageuka na kuwa Lingala. Wengi kati ya wale wanaotumwa kulinda teritware hii ya kusini mwa Maniema wamezaliwa mbali. Bibi yuko mji mmoja, mama mzazi yuko mji mwingine, na bunduki iko huku.

Upweke huo una historia ndefu, na sehemu yake moja ilipita hapa hapa. Mwezi wa Novemba 1898, Kabambare ilitekwa na askari wa Bula Matari, yaani serikali ya Mfalme Leopold wa 2, waliokuwa wameasi mbali sana kaskazini. Walikuwa wametembea miezi 21. Walikuwa njiani kurudi kwao.

Imani iliyovunjika

Chanzo ni kifo cha chifu mmoja. Ngongo Leteta, aliyekuwa na makao yake Ngandu kando ya mto Lomami, aliwaacha Waarabu mwaka 1892 na kujiunga na Bula Matari. Askari wake walisaidia sana katika vita vilivyoangusha Nyangwe na Kasongo mwaka 1893. Lakini tarehe 15 Septemba mwaka huo huo, maafisa Wabeleji walimshitaki kwa usaliti na kumpiga risasi pale Ngandu.

Watu wake hawakusahau. Julai 1895 baadhi yao waliasi Luluabourg, Kananga ya leo. Hata hivyo serikali iliendelea kuandikisha vijana wa eneo hilo, kwa sababu walijulikana kuwa wapiganaji hodari. Utumishi ulikuwa wa miaka 7, na askari hakuchagua mahali pa kutumwa.

Mwaka 1896 maelfu yao waliondolewa Stanleyville, Kisangani ya leo, chini ya Baron Francis Dhanis. Waliambiwa wanaelekea mto Nile. Njia ilipita msitu wa Ituri, ambako njaa na magonjwa viliua watu wengi. Tarehe 14 Februari 1897, kikosi cha mbele kiliasi pale Ndirfi na kuwaua maafisa wake. Mwezi mmoja baadaye waasi walimshinda Dhanis mwenyewe pale Ekwanga, na ndugu yake Louis akafia huko. Kisha wakageuza uso kuelekea kusini.

Bibi na watoto ndani ya safu

Waandishi wa wakati ule waliwaita wote Watetela, lakini kati yao walikuwemo Wakusu na watu wa makabila mengine. Na hawakuwa wanaume peke yao. Katika jeshi la Bula Matari, wanawake walifuatana na waume zao safarini. Walibeba mizigo, walitafuta chakula, walipika, walizaa njiani. Kwa askari aliyetumwa asikojua mtu, bibi huyo ndiye aliyekuwa nyumba yake.

Ndiyo maana uasi huu ulifanana na jamii nzima inayohama. Lakini jamii hiyo ilikuwa na bunduki na haikuwa na mashamba. Vijiji vilivyokuwa njiani vilipoteza mbuzi, mihogo na watu. Uchungu wa askari ulilipwa na raia ambaye hakumtuma popote.

Waasi hao walimkamata Padri Auguste Achte, Mfaransa wa shirika la Mapadri Weupe aliyekuwa akifanya kazi Toro, nchini Uganda. Hawakumuua. Kiongozi wao, Mulamba, na wenzake walimweleza kwa nini waliasi: viboko, njaa, na wenzao waliouawa kwa amri ya wakubwa. Kisha wakamwachilia. Watu waliokuwa wamewaua maafisa wao walimwona padri kuwa mtu anayeweza kusikiliza. Mengi tunayojua juu ya malalamiko yao yametoka kwake.

Karibu kufika

Walipoingia Kabambare, Lomami ilikuwa imebaki upande wa magharibi, ng’ambo ya Lualaba. Wengi hawakuvuka. Dhanis alikusanya jeshi jipya na kuwarudisha nyuma mwishoni mwa 1898. Waliobaki walikimbilia mashariki, na mwaka 1900 wakavuka na kukabidhi silaha zao kwa Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Burundi.

Serikali ilijifunza somo lake, ila ilijifunza kinyume. Badala ya kupunguza umbali, iliuongeza. Tangu hapo ikachanganya makabila ndani ya kila kikosi na kumtuma askari mbali na kwao, ili asiwe na ndugu wa kuasi pamoja naye. Hata hivyo haikupata utulivu mara moja: tarehe 17 Aprili 1900, askari Watetela waliopelekwa Boma, karibu na bahari, waliteka ngome ya Shinkakasa na kuupiga mji kwa mizinga.

Wanajeshi wa leo

FARDC si jeshi la Leopold. Wanaume na wanawake wanaotumwa Salamabila na Namoya, kwenye dhahabu na kwenye vita na kundi la Mai-Mai Malaika, wanalinda nchi yao wenyewe. Lakini maswali ya usiku hayajabadilika sana. Bibi amekula? Watoto wamerudi shule? Nikifa huku, nani atamwambia mama?

Kuhusu imani, jeshi lina mapadri, wachungaji na maimamu wake. Kabambare na Kasongo ni kati ya sehemu za Kongo zenye Waislamu wengi tangu enzi za Waungwana, na Kanisa Katoliki lina jimbo lake Kasongo. Mwanajeshi aliyetoka mbali anaweza kukaa safu moja na mwenyeji siku ya Ijumaa au Jumapili. Pale, kwa saa moja, hakuna anayemwita mgeni.

Kuhusu nyumba, Machi 2025 Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba mshahara wa wanajeshi na polisi utaongezwa mara mbili. Kwa familia iliyobaki nyuma, tangazo linakuwa na maana pale pesa zinapofika mkononi mwa bibi, kwa wakati, bila mkubwa kuzikata njiani.

Askari wa 1897 walikuwa na bunduki za kutosha. Walichokosa ni chakula, heshima, na siku ya kurudi nyumbani inayojulikana. Kabambare ilikuwa kati ya waliolipa gharama hiyo, na bado inapokea watoto wa watu wengine waliobeba bunduki.