Washairi wetu wa kale tusiwapoteze

Sisi tuliosoma uhamishoni Tanzania tulimjua mapema Muyaka bin Haji wa Mombasa. Tungo zake nazo zilikuwa hatarini kupotea. Mwalimu Sikujua akishirikiana na Mwingereza William Taylor walizikusanya, William Hichens akazichapisha mwaka 1940, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akazichambua upya.

Lakini hapa Rugerero, nikiwauliza wanafunzi wangu juu ya abasizi, washairi wa wafalme wa Rwanda, wengi hunyamaza. Tungo hizo, ibisigo, zilihifadhiwa vichwani kizazi hadi kizazi. Simulizi humtaja mwanamke, Nyirarumaga, kuwa ndiye aliyeuweka utunzi huo katika utaratibu. Padri Alexis Kagame alizikusanya kwa wazee, akatoa kitabu juu yake mwaka 1951. Baadaye mwanahistoria Jan Vansina alizipima upya tarehe za Kagame, akaona zimerudishwa nyuma mno. Mabishano hayo yamewezekana kwa kuwa tungo ziliandikwa. Lisiloandikwa halina hata wa kulibishia.

Ndugu msomaji unayevuka kwenda Goma na bidhaa, daftari la madeni unalo. Je, la maneno ya mzee wako? Lianze leo, angali hai.