Kata Ikikupita: Namna ya Kupata Kikundi cha Kuacha Pombe

Mbege si kinywaji cha mtu mmoja. Ndizi mbivu huchemshwa na kupozwa, zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi, gome la msesewe likatia uchungu wake, kisha kata huzunguka mkono kwa mkono. Kwenye posa ipo, kwenye matanga ipo. Ndiyo maana anayeacha pombe Uchagani haachi kinywaji tu, anajitoa barazani. Kata ikimpita, wenzake humkodolea macho: anaumwa, au anaringa?

Wengi huangukia hapo. Mtu ameapa mbele ya mchungaji, akakaa miezi mitatu bila kugusa. Disemba inaingia, ndugu wanapanda kutoka Dar es Salaam, mbuzi anachinjwa, na Mwaka Mpya unamkuta alikotoka. Nyumbani watasema hana msimamo. Mimi husema alikosa watu wa kukaa nao. Kikundi cha kuacha pombe ni hao watu: baraza jingine, ambalo kutokunywa ndiyo kawaida yake.

Lakini hospitali hutangulia kikundi. Anayekunywa sana kila siku akikata ghafla, mikono huanza kutetemeka na jasho kumtoka ndani ya saa chache. Degedege linaweza kumpata katika siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huweweseka na kuona visivyokuwepo, na bila matibabu hali hiyo huua. Usimfungie chumbani eti ajifunze. Mpeleke hospitali za Moshi, KCMC au Mawenzi, ama hospitali yoyote iliyo karibu. Zipo dawa za kumvusha siku hizo, pamoja na vitamini B1.

Na ukienda kupimwa unywaji wako, usiogope kwamba utaonekana kituko. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10 liitwalo AUDIT, lenye alama 0 hadi 40. Kuanzia 8, unywaji wako unahitaji kuangaliwa. Dodoso hilo limetafsiriwa kwa Kiswahili na kufanyiwa majaribio hapahapa Moshi. Watafiti wa KCMC na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, wameandaa pia ushauri mfupi kwa majeruhi wanaofikishwa kitengo cha dharura, wakauita “Punguza Pombe Kwa Afya Yako”.

Kikundi chenyewe unakipataje? Uliza kliniki ya afya ya akili, uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako, uliza parokiani, usharikani au msikitini. Usione haya kuanzia kwa mchungaji. Mei 1935, Bill Wilson, mfanyabiashara wa New York, alikwama hotelini katika mji wa Akron huku vicheko vya baa vikimvuta. Badala ya kuingia, alipiga simu kwa wachungaji wa mji akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akafikishwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith. Juni 10 mwaka huo daktari alikunywa mara ya mwisho, na siku hiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, yaani AA. Hatua 12 za AA za kuacha ulevi ndizo zilizotumika pia katika nyumba za upataji nafuu za Zanzibar, hasa kwa watumiaji wa heroini.

Ukifika kwenye mkutano wa AA, hutakuta daftari la mahudhurio wala kiingilio. Chombo cha mchango kikipita, mwenye nacho hutia. Sharti ni moja: uwe unataka kuacha. Mtu hutaja jina lake la kwanza, hukiri ulevi wake, husimulia. Wengine husikiliza bila kumkatiza wala kumhukumu. Yanayosemwa pale hubaki pale. Kama hujawa tayari kusema, sema jina lako, kaa. Baadaye utachagua mlezi, aliyeacha kabla yako, ambaye unaweza kumpigia saa mbili usiku ukiwa umesimama nje ya kilabu. Hatua ya 8 na ya 9 zinataka uwaendee uliowakosea na kurekebisha. Mchaga hahitaji kufafanuliwa sana: anajua uzito wa kubeba jani la sale na kwenda kuomba radhi.

Je, vikundi hivi vinasaidia? Mwaka 2020 wachambuzi wa Cochrane walipitia tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Katika kuwafanya watu waache kabisa na waendelee hivyo, mipango ya kuwaunganisha na AA iliyofuata mwongozo maalumu ilizishinda tiba nyingine zilizozoeleka. Wengine huteleza, wakarudi. Mlango haufungwi.

Mke, mume na wazazi nao wana kikundi chao, Al-Anon, kilichoanza 1951. Na kama kijijini kwako hakuna kikundi chochote, usisubiri kuletewa. Kwa desturi ya AA, walevi wawili au watatu waliokutana ili waache tayari ni kikundi. Akron walikuwa wawili. Bila shaka unamjua mmoja hapo Kibosho, Marangu au Machame ambaye naye amechoka. Mtafute kabla ya Disemba.