Bingwa wa baiskeli aliyevunjika mgongo mara mbili

WATU wawili wanaweza kuvunjika mgongo katika ajali, mmoja akapona na kutembea, mwingine akabaki katika kiti cha magurudumu maishani. Kristina Vogel, bingwa wa zamani wa mbio za baiskeli kutoka Ujerumani, ameyapitia yote mawili.

Vogel alizaliwa mwaka wa 1990 katika nchi ya Kyrgyzstan, akapelekwa Ujerumani angali mtoto mchanga. Alibobea katika mbio fupi za uwanjani. Baiskeli za mbio hizo hazina breki, na kwenye kona njia imeinuka kama ukuta. Mashindano makubwa hufanyiwa kwenye njia ya mita 250, na kasi hupita kilomita 60 kwa saa.

Mwaka wa 2009, akifanya mazoezi barabarani, aligongana na basi dogo. Alivunjika taya, mkono na pingili ya uti wa mgongo, na madaktari wakamlaza usingizi wa dawa kwa siku mbili. Wengi wangedhani huo ndio mwisho wake. Lakini mwaka wa 2012, yeye na mwenzake Miriam Welte walishinda nishani ya dhahabu katika Olimpiki za London. Mwaka wa 2016 mjini Rio de Janeiro alitwaa dhahabu peke yake, ingawa kiti cha baiskeli yake kiling'oka akimaliza fainali. Kufikia mapema mwaka wa 2018 alikuwa ametwaa mataji 11 ya dunia.

Juni 26, 2018, akifanya mazoezi katika uwanja wa Cottbus, alimgonga kwa kasi mwendeshaji mwingine. Alivunjika tena mgongo, na safari hii mshipa mkuu wa fahamu ukakatika kwenye pingili ya saba ya kifua. Miguu yake ilipooza.

*Kwa nini tofauti?*

Pingili ni mifupa, na mfupa uliovunjika unaweza kuunga. Ndani ya pingili hizo hupita mshipa mkuu wa fahamu, ambao hubeba amri kutoka kwenye ubongo na kurudisha hisia. Ukichubuka au kubanwa, mgonjwa anaweza kurejesha nguvu kiasi. Ukikatika kabisa, hakuna dawa wala upasuaji unaojulikana leo wa kuuunga. Sehemu iliyo chini ya jeraha hukosa nguvu na hisia, na hata haja ndogo na kubwa huwa vigumu kuzuia.

Mgonjwa hujifunza maisha upya: kujigeuza na kujiinua mara kwa mara ili asipate vidonda vya kukaa mkao mmoja, kutunza kibofu, na kuimarisha mikono. Vogel alijifunza hayo. Mwaka wa 2019 alichaguliwa diwani mjini Erfurt, na amefanya kazi ya kuchambua mbio za baiskeli kwenye televisheni.

*Ukikuta ajali*

Msomaji, huenda hutawahi kupanda baiskeli ya mashindano, lakini huenda ukamkuta aliyeanguka kutoka kwenye bodaboda. Mfupa ukiwa umevunjika na mshipa ungali mzima, kumvuta majeruhi ovyo kunaweza kuukata. Kwa hivyo:

• Usimwinue wala kumketisha, isipokuwa yuko hatarini kwa moto au magari.

• Mwambie atulie, na umshikilie kichwa kisigeuke. Ikiwa anapumua vizuri, usimvue helmeti.

• Usimpe chakula wala kinywaji. Itisha ambulensi.

• Ikiwa ni lazima kumbeba, muwe watu kadhaa, mwinueni kwa pamoja, kichwa, shingo na mgongo vikiwa vimenyooka, na mlazeni juu ya ubao.

Huruma ya haraka, ya kumkunja majeruhi na kumsukuma ndani ya gari, imewagharimu wengi miguu yao. Dakika chache za subira zinaweza kumwokoa.