Kampuni ikibadilisha mwenyewe, mfanyakazi amwamini nani?

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama na vijana mnaotungoja nyumbani, tuanze na jambo la kwetu.

Siku moja asubuhi tulifika kazini tukakuta kibao kipya kwenye barieri. Jina la kampuni ambayo tulilala nayo jana halikuwapo tena. Msimamizi alitandika karatasi juu ya gari, akasema: weka sahihi hapa, kisha ingia. Tuliweka sahihi. Nani angekataa, na watoto wako mu masomo? Ilikuwa baadaye ndipo tulifahamu kwamba miaka yetu ya kazi, ile tunaita ansiyenete, imeanza tena kwa sifuri. Mwenzetu aliyetumika miaka 9 alihesabiwa sawa na kijana aliyeingia jana. Jina la kampuni hatulitaji, juu haiko peke yake.

Tangu siku hiyo, kila wakubwa wa kazi wanapotuita kwenye mkutano na kusema "tuaminiane", sisi tunatazama chini. Tunataka kuwaamini, lakini tunakumbuka ile karatasi juu ya gari.

Tunaleta hadithi hii juu ya habari ya watu wa ndege wa Nairobi. Mtu wa Aru anaweza kuuliza: ndege inatuhusu nini, sisi watu wa udongo? Inatuhusu. Mzigo mwingi wa soko letu unapita Mombasa na Nairobi, unavuka Uganda, ndipo unafika hapa. Na yale yaliyowapata wafanyakazi wa ndege ni yale yale yanayotupata mu migodi: kampuni zinaungana, madeni yanahama, na mfanyakazi anasikia habari ya mwisho.

Vumilieni, kisha vumilieni tena

Zamani Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na shirika moja la ndege, East African Airways, lililoanza mwaka 1946. Mwaka 1977 nchi hizo hazikusikilizana tena, shirika likavunjika, na Kenya ikaanzisha lake, Kenya Airways. Mwaka 1996 serikali iliuza hisa: KLM ya Uholanzi ilichukua asilimia 26, na zingine zikauzwa kwa watu kwenye soko la hisa la Nairobi. Miaka mingi mambo yalienda vizuri.

Kisha kampuni ilitaka kukua haraka. Ilinunua ndege nyingi mpya, wakati abiria walikuwa wanapungua. Mwaka 2012 karibu watu 600 walitolewa kazini. Sendika yao ilienda mahakamani. Mahakama ya kazi ilisema watu hao hawakutolewa kwa haki, ikaamuru warudishwe. Lakini mwaka 2014 mahakama ya rufani iliondoa ile amri ya kuwarudisha. Fikiria mtu aliyekaa nyumbani wakati huo wote: leo anaambiwa rudi, kesho anaambiwa hapana.

Hasara haikuisha. Mu mwaka wa hesabu uliofungwa Machi 2016, kampuni ilitangaza hasara ya shilingi bilioni 26 za Kenya. Mwaka 2017 mabenki yaliyokuwa yanaidai yaligeuza deni lao kuwa hisa, na hivi mwenye kudai akawa mwenye kampuni. Katika kila hatua wafanyakazi walisikia neno moja: vumilieni.

Mwenye deni kumchukua mwenye makuta

Ndipo ulikuja mpango wa kuunganisha. Kenya Airways iliomba ipewe kusimamia uwanja mkubwa wa ndege wa Nairobi, ule wa Jomo Kenyatta, kwa miaka 30. Uwanja ulikuwa chini ya mamlaka ya serikali, ile KAA, ambayo ilikuwa inapata faida. Kwa wafanyakazi wa uwanja, swali lilikuwa rahisi: namna gani mwenye deni atamchukua mwenye makuta, na sisi tubaki salama? Nani atakuwa mkubwa wetu? Malipo yetu ya uzee yatalindwa na nani?

Hawakupata jibu lenye kuwaridhisha. Tarehe 6 Machi 2019 waligoma, ingawa mahakama ilikuwa imesimamisha mgomo huo. Polisi walirusha gesi ya machozi. Katibu mkuu wa sendika, Moss Ndiema, alikamatwa. Askari wa jeshi la anga waliletwa kukagua abiria. Ndege zilichelewa na zingine hazikuruka. Baadaye kamati ya bunge ilikataa mpango ule, wabunge wakapendelea serikali irudishe kampuni mikononi mwake. Na hilo pia halikufika mwisho.

Mwaka 2020 ugonjwa wa Covid ulifunga anga. Mishahara ilikatwa, watu wengine wakaondolewa. Mwezi wa Novemba 2022 marubani nao waligoma siku nne. Walidai kampuni irudishe mchango wake kwenye mfuko wao wa akiba na mishahara iliyobakizwa wakati wa Covid. Maelfu ya abiria walikwama. Mahakama iliamuru marubani warudi kazini tarehe 9, wakarudi.

Marubani wanapata mshahara ambao sisi tunausikia tu. Hata hivyo, waligoma juu ya ahadi iliyosimama. Basi tusidanganyane kwamba mshahara mkubwa peke yake unaleta imani.

Karatasi iko wapi?

Somo kubwa kwetu ni la mwaka 2024. Mwezi wa Julai watu wa Kenya walijua, kwa karatasi zilizovuja, kwamba serikali inazungumza na kampuni ya Adani ya India ili iuchukue uwanja ule ule kwa miaka 30. Wafanyakazi walikuwa wameumwa mara moja, safari hii hawakungoja. Tarehe 11 Septemba waligoma tena. Dai lao la kwanza halikuwa nyongeza ya mshahara. Walisema: mpango uachwe, na tuonyesheni karatasi.

Walirudi kazini siku hiyo hiyo, baada ya kukubaliana kwa maandishi kwamba sendika itapewa karatasi za mpango na itakaa mezani. Mwezi wa Novemba Rais William Ruto alifuta mpango wenyewe, wakati wakubwa wa Adani walikuwa wamefunguliwa mashtaka kule Marekani.

Tuseme na upande mwingine, juu ukweli hauna kabila. Mgomo unaumiza. Mama aliyelala chini kwenye uwanja na mtoto mgonjwa hakukosa kitu. Kampuni yenye hasara, ikisimama siku nne, inazidi kuzama, na mwishoni ni kazi zetu zinazozama. Wakubwa wa Nairobi hawakudanganya waliposema kampuni iko mgonjwa. Kosa linakuja pale mgonjwa ni mmoja, lakini dawa wanaandikiana bila kumwambia anayeinywa.

Na sisi hapa?

Sisi watu wa dhahabu tunajua kubadilishiwa majina. Dhahabu ya Kilo-Moto ilianza kuchimbwa mwanzoni mwa karne iliyopita. Ikawa kampuni mwaka 1926, ikawa OKIMO ya serikali mwaka 1966, ikarudi SOKIMO. Mu Katanga, mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kwa mpango ulioitwa "kuondoka kwa hiari". Wengi walikuwa wanadai mishahara ya miezi mingi. Mtu mwenye njaa akiambiwa chukua hizi uende, hiyo ni hiari gani?

Na jirani yetu Kibali, kule Durba, ambako malori yanaenda kwa barabara inayopita hapa Aru: tarehe 1 Januari 2019 Randgold iliungana na Barrick ya Kanada. Mgodi haukubadilisha jina. Asilimia 45 ya Randgold iliingia mikononi mwa Barrick, AngloGold Ashanti ilibaki na 45 yake, SOKIMO na 10. Miezi miwili tu baadaye Nairobi iligoma. Makampuni yanaungana kila siku, na hakuna mtu anayesimama London au Toronto akiuliza mchimbaji anafikiri nini. Ni lazima sisi wenyewe tujue la kuuliza.

Sheria ya kazi ya Kongo, ile ya mwaka 2002, iko upande wetu kwa jambo hili. Inasema kampuni ikiuzwa, ikirithiwa au ikiungana na nyingine, kontra za wafanyakazi zinaendelea na mwenyewe mpya. Miaka yako haianzi upya. Na kampuni ikitaka kupunguza watu juu ya shida ya makuta, inapaswa kwanza kuwaandikia wajumbe wa wafanyakazi na kupokea mawazo yao. Kama tungejua hayo asubuhi ile kwenye barieri, tusingeweka sahihi tukisimama.

Kwa hiyo, siku utakaposikia kwamba kampuni inabadilisha mwenyewe, fanya haya. Usiweke sahihi siku hiyo hiyo. Omba nakala, peleka nyumbani, isomwe na mtu anayejua Kifaransa vizuri. Angalia kama tarehe ya kuanza kazi ni ile yako ya zamani. Uliza deni la mishahara na dekonti litalipwa na nani, na jibu liandikwe. Na kama huelewi, nenda kwa mjumbe wako, au kwa mkaguzi wa kazi wa serikali.

Na sisi wa sendika tujiangalie. Kuna wajumbe wanaoitwa ofisini usiku, wanatoka na mfuko, na kesho yake wanatuambia mambo iko sawa. Hatuwezi kudai karatasi kwa wakubwa na sisi tunaficha zetu. Kila kitu tunachosaini kibandikwe kwenye ukuta, siku ile ile, mu lugha ambayo watu wanasoma.

Wakubwa wengi wanatuuliza: mtatuamini lini? Tunajibu bila hasira. Lipeni deni la zamani, ndipo mtuletee ahadi mpya. Na mtuonyeshe karatasi kabla wino haujakauka. Tutawaamini kidogo kidogo, kama vile tunavyopima dhahabu.